Usiulize "Ilikuwa Nzuri?": Ninavyokusanya Maoni ya Watoto na Wazee Baada ya Katuni ya Wanyama wa Zuu

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Mabatini hapa Mwanza. Siku sita za wiki chumba changu cha mbele ni cha vitambaa, chaki na wateja wanaokuja kupimwa. Jumamosi saa tisa alasiri nafunika cherehani kwa shuka, natandika mikeka miwili, nateremsha pazia zito la dirishani, nawasha televisheni, na watoto wa majirani wanaingia. Nilianza na wajukuu wangu watatu. Siku hizi wanafika kumi na tano, mara nyingine ishirini.

Wazazi wao hawana nafasi ya kukaa saa nzima na nusu kuchunguza katuni kabla mtoto hajaiona. Wengine wanashinda sokoni, wengine wako Kirumba mwaloni na magunia ya dagaa tangu alfajiri. Wananiuliza mimi: "Mama, ile ya wanyama wa zuu ikoje? Wa kwangu ana miaka minne, ataiweza?" Swali hili nalibeba kwa uzito, kwa sababu mara ya kwanza nililijibu vibaya. Watoto wote walikuwa wameniambia "nzuri bibi", nami nikamwambia mama mmoja katuni haina shida. Mtoto wake alikaa usiku mbili hataki kulala, anasema simba atamng'ata rafiki yake. Mama yule hakunigombeza. Alikuja asubuhi, akanisalimu, akanieleza taratibu, na utaratibu ule uliniuma kuliko kugombezwa.

Tangu hapo nimetengeneza njia yangu ya kupata maoni ya watazamaji. Naiandika hapa kwa ajili ya mama, baba, mwalimu wa chekechea au mwalimu wa Jumapili anayetaka kujua katuni imewafanya nini watoto wake. Nitatumia mfano wa katuni moja ambayo nimeionesha mara nne: Madagascar, ile ya mwaka 2005 ya DreamWorks Animation, iliyoongozwa na Eric Darnell na Tom McGrath. Ina dakika 86. Kwa asiyeijua: simba, pundamilia, twiga na kiboko wanaishi katika zuu ya Central Park, New York. Pundamilia anatimiza miaka kumi, anatamani kuona pori. Anatoroka, wenzake wanamfuata kumrudisha, wote wanakamatwa na kuwekwa kwenye masanduku ya kupelekwa hifadhini Kenya. Pengwini wanaiteka meli, masanduku yanaanguka baharini, na wanyama wanatupwa ufukweni Madagaska.

Itazame peke yako kwanza

Usiku wa Ijumaa, wajukuu wakishalala, naitazama yote nikiwa na daftari. Sitafuti kama ni nzuri. Natafuta mahali ambapo mtoto atacheka, atakapoogopa, na atakapopotea. Katika hii niliandika sehemu nne. Ya kwanza ni stesheni ya treni, bibi kizee anapomtwanga simba kwa mkoba. Ya pili ni masanduku kuanguka baharini. Ya tatu ni simba kushikwa na njaa mpaka anawaona rafiki zake kama vipande vya nyama, na anamrukia pundamilia kumng'ata matakoni. Ya nne ni mwisho, pengwini wanapomlisha simba samaki mbichi na wali.

Sehemu ya tatu ndiyo ninayoikalia. Simba huyu amelishwa minofu maisha yake yote bila kujua ilitoka wapi. Anapofika mahali ambapo hakuna wa kumletea sahani, mwili wake unamwambia jambo ambalo moyo haulitaki. Hilo ni jambo zito kwa katuni ya watoto, na mimi nafikiri ndilo lililoifanya iwe na thamani. Lakini mtoto wa miaka minne haoni uzito huo. Anaona kucha zimetoka kwa mtu aliyempenda.

Andika pia imeoneshwa kwa lugha gani, maana hili linabadilisha maoni yote. Katuni hii ni ya Kiingereza. Watoto wangu wa darasa la tano na la sita wanapata maneno mawili matatu, wa chekechea hawapati kitu. Zipo mitaani zile zenye sauti ya DJ anayeeleza kwa Kiswahili juu ya filamu, na watoto wanazipenda sana, ila hapo ukiuliza maoni unapewa maoni juu ya DJ. Mjukuu wangu mmoja alisema kilichomfurahisha zaidi ni pale simba alipodaiwa kodi ya nyumba. Katika filamu hakuna kodi ya nyumba. Mimi naonesha ile ya asili, nakaa pembeni ya televisheni, naeleza kwa sauti ndogo yale tu ambayo bila hayo hadithi inakatika. Mizaha ya maneno naiacha ipite.

Jambo moja la sheria, kabla sijasahau. Nyumbani kwangu ni watoto wa majirani na hakuna kiingilio. Ukianza kutoza hata shilingi mia mbili mlangoni, hiyo ni biashara ya maonesho, ina vibali vyake, na mwenye filamu ana haki zake. Anzia kwa ofisa utamaduni wa halmashauri yako.

Wakati inaendelea, tazama watoto

Kaa mahali ambapo unaona nyuso zao na si kioo. Hili ni gumu, jicho linavutwa na picha, ndiyo maana nilisema uitazame Ijumaa. Mimi nina alama zangu daftarini: C ni kucheka, U ni uoga, P ni kupotea, na K ni kimya. Pembeni naandika tukio gani lilikuwa kiooni.

Kimya kiko namna mbili na usipozitenganisha umeharibu kazi. Kimya cha aliyezama unakiona miguuni: vidole vimetulia, mdomo umefunguka kidogo, mkono ulioshika muhogo umesimama katikati ya njia. Kimya cha aliyechoka unakiona kwenye mkeka, anavuta nyuzi moja moja. Mikeka yangu miwili imeliwa pembeni na filamu ambazo watu wazima walizisifu.

Katika stesheni ya treni, kipigo cha mkoba kilichekesha wote, wa miaka minne na wa miaka kumi na mbili, bila mimi kufungua mdomo. Bibi mwenye hasira na mkoba hahitaji kutafsiriwa. Lakini maongezi marefu ya wanyama juu ya New York yalivuta nyuzi nyingi za mkeka. Wanyama walipofika kwa lemuri, wale wenye mkia wa pete na mfalme wao, watoto wakainuka wote kucheza, na mmoja akaniuliza kama wale ni komba. Nikamwambia ni ndugu wa mbali wa komba, na kwamba porini wanapatikana kule Madagaska.

Siku moja umeme ulikatika hasa simba alipoanza kuona njaa. Watoto wakarudi makwao na hadithi iliyovunjika. Hapo usikusanye maoni juu ya filamu, utakuwa unamhukumu mpishi kwa ugali uliotolewa jikoni haujaiva. Nilichofanya ni kuwauliza, mlangoni wakiwa wanavaa ndala, wanadhani nini kilifuata. Wakubwa wakasema simba atamla pundamilia halafu atajuta. Wadogo wakasema atakula nyasi. Mvulana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi akasema, kama mtu anayesema jambo la wazi kabisa, "Si wapo kisiwani? Watavua." Jumamosi iliyofuata samaki walipotokea mwishoni, alisimama juu ya mkeka.

Makopo sita na vizibo vya soda

Baada ya filamu sasa. Usisimame mbele na kuuliza "Je, ilikuwa nzuri?" Watoto wetu wamelelewa kwa adabu. Mtu mzima aliyekufungulia nyumba yake na kukupa muhogo wa kukaanga akiuliza kama ilikuwa nzuri, jibu ni moja. Hawadanganyi, wanakushukuru tu, na wewe ulitaka kitu kingine.

Mimi nina makopo sita ya maziwa ya unga. Nimebandika picha kila kopo: simba, pundamilia, twiga, kiboko, pengwini, na mfalme wa lemuri. Kila mtoto anapewa kizibo kimoja cha soda. Swali ni hili, na nimelichagua kwa makini: "Yupi ungependa aje akae kwenu wiki nzima?" Kupenda mtu kwenye filamu ni rahisi. Kumkaribisha nyumbani, alale na nyinyi, ale chakula chenu, hapo mtoto anafikiri kweli.

Mara ya kwanza niliyapanga makopo hadharani. Mtoto mkubwa kuliko wote akatangulia, akadondosha kwa simba, na wengine kumi na wanane wakamfuata kama kondoo kwenye josho. Siku hizi makopo yapo nyuma ya pazia ninakopimia wateja. Mtoto anaingia peke yake, anatoka, anaingia mwingine. Nyuma ya pazia simba hakuambulia hata robo. Pengwini walizoa vizibo karibu nusu.

Hilo la pengwini halikuwa la Mabatini peke yake. Katika filamu ile wao ni wahusika wa pembeni, hadithi si yao, lakini watazamaji wa nchi nyingi waliwapenda kiasi kwamba mwaka 2014 walitengenezewa filamu yao wenyewe ya sinema. Watengenezaji walisoma vizibo vya dunia nzima, kwa namna yao.

Baada ya vizibo yanakuja maswali, na nauliza wawili wawili, siulizi kundi. Siulizi kuhusu filamu, nauliza kuhusu watu walio ndani yake. Nani alikosea? Ungekuwa pundamilia ungemsamehe simba siku hiyo hiyo? Ungebaki zuu au ungeondoka? Halafu namwomba mkubwa mmoja amsimulie mdogo aliyechelewa, kuanzia masanduku yalipoanguka mpaka mwisho. Sikiliza anachoruka. Wengi waliruka sehemu ya pundamilia akijenga kibanda ufukweni, kana kwamba haikuwepo. Hakuna aliyeruka kung'atwa.

Swali la kubaki zuu ndilo lililonifundisha zaidi. Mara ya kwanza walio wengi walisema wangebaki, kwa sababu kuna chakula kila siku. Nilinyamaza. Si kazi yangu kumwambia mtoto wa Mabatini kwamba chakula cha kila siku ni kitu kidogo. Niliandika kama walivyosema.

Kisha msichana wa darasa la nne akauliza swali lililonifanya nitafute: mnyama aliyezoea zuu, akipelekwa kisiwani kweli, ataishi? Jibu liko katika ziwa letu hili la Viktoria. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakifugwa Ulaya, wengi wao katika zuu, waliletwa na kuachiwa huru kisiwani Rubondo, kazi iliyoongozwa na Bernhard Grzimek, mkuu wa zuu ya Frankfurt, Ujerumani. Walijifunza kutafuta matunda, wakajenga viota vya kulalia, wakazaa, na uzao wao upo mpaka leo bila kulishwa na mtu. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Niliwaeleza Jumamosi iliyofuata, na chumba kizima kikapata kile kimya cha vidole kutulia. Nikauliza tena: ungebaki? Wengine walibadili, wengine hapana. Yule msichana akasema angeondoka, lakini tu kama wataondoka wengi, maana wale sokwe walikuwa wengi.

Ukitoa habari kama hiyo, weka maoni ya kabla na maoni ya baada kwenye kurasa mbili tofauti. Ukiyachanganya, umeandika maoni yako mwenyewe kwa mdomo wa mtoto.

Kopo la kiboko

Hapa nataka kukaa kidogo. Katika filamu, kiboko ni dada mwenye busara, ndiye anayepatanisha wenzake, hana kosa hata moja. Nilidhani atapata vizibo vingi. Kopo lake lilikuwa na kizibo kimoja.

Nilimwuliza yule mvulana wa mvuvi kwa nini hakuna aliyemkaribisha. Akanitazama kwa mshangao. "Bibi, kiboko hakai kwa watu." Anajua anachosema. Watoto wa pwani ya ziwa wanakua wakikatazwa kwenda kwenye matete jioni, kwa sababu kiboko hutoka majini usiku kula majani, na mtu akijikuta kati yake na maji hana pa kukimbilia. Wavuvi wanajua mtumbwi uliopinduliwa naye. Mtoto wa New York anaweza kumwona kiboko kwa mara ya kwanza akiwa kwenye katuni, anacheza muziki. Mtoto wa kwetu alianza kumsikia usiku.

Kwa hiyo, ukikusanya maoni, usiyasahihishe yanayotoka kwenye maisha ya mtu. Nilikuwa karibu kumwambia, "Huyu ni wa katuni, ni mwema." Nikajizuia. Baadaye babu mmoja, mvuvi aliyepumzika, aliniambia hilo ndilo lililomsumbua katika filamu nzima: kwamba mtoto mdogo atatoka pale akiamini kiboko ni rafiki, na Jumatatu ateremke ziwani. Ni maoni mazito, na hakuna atakayeyatoa asiyeishi karibu na maji haya.

Upande wa pili, mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga alimpenda kiboko kuliko wote. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona mwanamke mwenye mwili mkubwa kwenye katuni ambaye wenzake wanamsikiliza wala hawamdhihaki. Niliyaandika yote mawili, moja chini ya jingine, bila kutafuta nani kashinda.

Twiga naye alileta lake. Wavulana walimshangilia alipotokea kwa mara ya kwanza, maana twiga ni wetu, ni mnyama wa taifa. Halafu wakagundua ni mwoga, kila saa anajiona mgonjwa, na shangwe zikapungua. Mmoja alichukizwa waziwazi. Lakini mtoto mmoja mwenye kifua, anayekwenda hospitali mara kwa mara, alidondosha kizibo chake kwa twiga na kusema, "Atanielewa."

Wazee wana mlango wao

Usimwulize mzee maoni ya katuni mbele ya watoto. Atasema, "Ah, hayo ni ya watoto," na mlango umefungwa. Mzee unamfuata barazani jioni, kikombe cha chai kikiwa kimeshafika nusu, na unaingilia pembeni. Mimi nauliza: "Mzee, Saanane ya zamani ulifika?"

Kwa wageni, Saanane ni kisiwa kile kidogo cha ziwani unachokiona ukiwa Capri Point, hapa Mwanza mjini. Mwaka 1964 ilianzishwa pale bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na jina ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa mwenye kisiwa. Mwaka 2013 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Wazee wa rika fulani hapa mjini walipelekwa pale na shule, kwa boti, kutazama wanyama.

Swali hilo likishafungua, maoni ya filamu yanakuja yenyewe. Mzee mmoja alinieleza kwa muda mrefu jinsi alivyokuwa akimhurumia mnyama aliyemwona amefungiwa, na jinsi alivyomwogopa pia, vyote kwa pamoja, akiwa mtoto wa miaka tisa. Kisha akasema kwamba pundamilia wa kwenye katuni alikuwa na haki ya kutaka kuondoka, ila aliwakosea wenzake kwa kuondoka bila kuaga. Mtu haondoki bila kuaga. Kati ya watoto kumi na tisa hakuna aliyeliona hilo kosa, na kati ya wazee sita niliowauliza wanne walilitaja. Usingelipata kwa kuuliza "nzuri?"

Na mwisho wa filamu, samaki kuokoa urafiki, ulileta ubishi mkubwa kuliko yote. Watoto walisema ni uongo, simba hali samaki, simba anakula nyama. Mama mmoja anayeuza dagaa akajibu, "Kwani samaki si nyama?" Baraza likagawanyika. Mmoja akasema sangara mkubwa ni kilo nyingi kuliko mbuzi, simba atashiba. Mwingine akasema tatizo si simba kula samaki, tatizo ni samaki mbichi, wampikie. Ubishi ulidumu mpaka adhana ya magharibi. Nakushauri usiuzime. Nilipata ukurasa mzima wa maoni bila kuuliza swali hata moja.

Jumapili, tazama wanavyocheza

Maoni ya ndani kabisa yanatoka siku ya pili, wakishasahau kwamba uliwauliza. Baada ya ibada mimi hukaa mlangoni na kazi ya kupinda mikono ya gauni, macho yangu yakiwa uwanjani.

Walipanga mstari wa pengwini, mikono imebana ubavuni, wakipita mbele ya duka wakipungia watu mkono kama pengwini wanavyowafanyia wageni wa zuu. Walichukua boksi la sabuni, wakamweka mdogo ndani, wakamsukuma kwenye mteremko wa mawe kama sanduku lililoanguka melini. Hakuna aliyetaka kuwa simba. Waliomba, wakabembelezana, mwisho wakaamua simba amelala. Hapo nikajua ile sehemu ya njaa ilikuwa imewaingia kuliko walivyosema Jumamosi, hata wale wakubwa waliojifanya hawakuogopa.

Ujumbe kwa wazazi

Sitoi nyota wala alama. Ukimwambia mama wa Kirumba "nyota nne", hajui afanye nini na mtoto wake. Sitaji jina la mtoto yeyote na sipigi picha. Naandika ujumbe mfupi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa mtaa, nikitaja umri, lugha, na nilichokiona kwa macho. Huu hapa nilioutuma:

"Habari za jioni wazazi wenzangu. Leo tumetazama Madagascar ya 2005, dakika 86, Kiingereza, nikieleza kwa Kiswahili. Walikuwepo watoto 19, miaka 4 hadi 12. Pengwini na lemuri wamewafurahisha wote. Simba anashikwa na njaa na kumng'ata rafiki yake: watatu chini ya miaka 6 waliogopa, mmoja alikuja kukaa mapajani kwangu. Wa umri huo mtazame naye, na msizime hapo, msubirini mpaka samaki. Mazungumzo ya katikati ni marefu kwa asiyejua Kiingereza. Mtoto wako akishaitazama, mkumbushe kiboko wa ziwani si yule. Hakuna aliyemkaribisha kiboko nyumbani isipokuwa mmoja, sikujua ni nani."

Jumanne jioni msichana wa miaka saba, mkimya, ambaye Jumamosi hakusema neno lolote, alinikuta bombani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

Akasimama mpaka ndoo yangu ikajaa. Kisha akasema kizibo cha kiboko kilikuwa chake. Nikamwuliza, kwenu mngemweka wapi? Akafikiri. "Angelala nje, bibi. Usiku angewafukuza wezi."

Mwezi ule walikuwa wameingiliwa na wezi mara mbili. Nilifika nyumbani, nikatua ndoo, nikafungua daftari nikaandika maneno yake kama alivyoyasema. Katika nakala ya ujumbe wa wazazi iliyomo daftarini nikafuta ile sentensi ya mwisho, na nafasi yake nikaandika kwamba kiboko naye ana mwenyeji.